Kabla ya Sindano, Muulize Mgonjwa Alikotoka

Jioni moja pale Kondele, Kisumu, nilipanga foleni kwenye kemisti nyuma ya mama wa makamo aliyekuwa na begi la magurudumu. "Daktari, nifungie dawa ya tumbo, nasafiri," akasema. Mwenye duka hakuuliza safari ni ya wapi. Alitoa pakiti ya sipro, dawa ya kuua bakteria, akahesabu vidonge sita kwa kidole, akakata kwa mkasi. Akatoa Flagyl, akakata kumi. Vyote akavitia ndani ya bahasha ya plastiki isiyozidi kiganja, akaandika juu yake 1x2 na 1x3 kwa kalamu nyeusi. "Ukianza tu kuendesha, meza hapo hapo, usingoje." Mama akalipa kwa simu, akashukuru, akavuka barabara kutafuta boda. Hazikuisha dakika tatu.

Hakuna mtu mbaya katika kisa hicho. Mwenye duka alitaka kumsaidia msafiri, na msafiri aliogopa kuumbuka ndani ya basi la saa nane au ndege ya usiku kucha. Nami nimewahi kununua bahasha kama hiyo zaidi ya mara moja. Lakini yaliyomo ndani yake, pamoja na swali moja ambalo hospitali zetu hazimuulizi mtu akirudi safarini, ndiyo mambo yanayonikosesha usingizi tangu Waya, kama tunavyomwita shangazi kwetu, arudi kutoka India.

Nitaanza na utumbo wenyewe. Ndani ya utumbo mpana wa mtu mwenye afya mna bakteria kwa matrilioni, na wengi wao ni wenyeji wema. Kazi yao moja, ambayo haisifiwi vya kutosha, ni kuziba nafasi. Fikiria soko la Kibuye siku ya Jumapili: kila futi ya ardhi ina mwenyewe, na mgeni akija na gunia lake la nguo hapati pa kulitandika. Atazunguka, atachoka, ataondoka. Bakteria mgeni anayeingia na maji au kachumbari hukutana na hali hiyo hiyo. Sasa leta askari wa kaunti wafagie soko asubuhi, wawatawanye wenyeji wote. Nafasi imebaki wazi, na wa kwanza kutandika ni yule ambaye virungu havimwingii. Antibiotiki, au viuavijasumu kama inavyoandikwa vitabuni, hufagia soko namna hiyo. Haichagui adui peke yake. Ikiwa katika chakula cha jana uliingiza bakteria sugu wachache, kidonge cha leo kinawapa uwanja mzima.

Haya si maneno ya nadharia tu. Watafiti wa Finland walichunguza wasafiri 430 waliotoka kwao kwenda nchi za joto, wakachukua choo chao kabla na baada ya safari. Asilimia 21 walirudi wakiwa wamebeba bakteria wenye kimeng'enya kinachoitwa ESBL, ambao hapo kabla hawakuwa nao. Ila ukiwagawa wasafiri hao ndipo hoja inapojitokeza. Ambao hawakuharisha wala kumeza dawa, asilimia 11. Walioharisha wakaacha tumbo litulie lenyewe, asilimia 21. Walioharisha wakameza antibiotiki, asilimia 37. Na waliokwenda Asia Kusini, wakaharisha, wakameza, walifika asilimia 80. Kati ya kundi la pili na la tatu tofauti kubwa ni kile kilichomo katika ile bahasha ya Kondele.

Waholanzi nao walifuata wasafiri 2,001, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kati ya wale waliotoka nyumbani bila bakteria hao, asilimia 34 walirudi nao; kwa waliokwenda Asia Kusini ilikuwa asilimia 75. Wafaransa waliopima wasafiri wao walipata karibu nusu ya waliotembelea Afrika kusini mwa Sahara wamerudi na bakteria sugu. Yaani wao wakija kwetu kuona mbuga na ziwa, karibu nusu yao hurudi na mzigo ambao hawakuulipia nauli.

Kimeng'enya hicho kinafanya nini? Penisilini na ndugu zake wote wana umbo dogo la pembe nne ndani yao, mithili ya ncha ya ufunguo. ESBL huikata ncha hiyo. Amoxil haifanyi kazi tena, na kibaya zaidi, haifanyi kazi seftriaksoni, ile sindano ambayo ukilazwa hospitali yoyote kuanzia Busia hadi Nakuru ukiwa na homa kali una nafasi kubwa ya kuchomwa kabla hujajua jina la ugonjwa wako. Mtoto mwenye sumu katika damu, mama aliyepasuliwa, mzee wa nimonia: wote tumewawekea seftriaksoni mbele kama ngao. Anayebeba bakteria wa ESBL katika utumbo haumwi. Anakula, anafanya kazi, anacheza na wajukuu. Shida inakuja siku bakteria hao wanapohama kutoka utumboni kwenda njia ya mkojo, au kwenye kidonda cha upasuaji, au katika damu.

Jeni inayotengeneza kimeng'enya hicho ina historia ndefu ya safari kuliko rubani. Kundi lake maarufu zaidi, CTX-M, asili yake ni Kluyvera, bakteria mpole ambaye madaktari wengi hawamkuti kazini. Jeni hiyo ilitoka kwa Kluyvera ikarukia bakteria wanaoishi ndani ya binadamu, nayo ilipewa jina baada ya kuonekana Munich, Ujerumani, mwaka 1989. Ile herufi M mwishoni ni ya mji huo. Aina iliyokuja kutawala dunia, CTX-M-15, ilionekana kwanza India miaka ya mwisho ya tisini. Leo iko katika wodi za Kenya. Jeni hizi hukaa kwenye plasimidi, kipande kidogo cha vinasaba chenye umbo la pete ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake wakigusana tu, hata kama si wa ukoo mmoja. Kwa hiyo si lazima bakteria aliyepanda ndege aishi sana kwetu. Inatosha aishi muda wa kumpa mwenyeji pete yake.

Na hapa niseme jambo kuhusu majina. Mwaka 2008 mgonjwa mmoja wa Sweden aliyekuwa ametibiwa New Delhi alikutwa na bakteria waliokuwa na kimeng'enya kipya, kinachovunja hata meropenemu na dawa za jamii yake, ambazo ndizo kimbilio seftriaksoni ikishindwa. Kimeng'enya hicho kikaitwa NDM, na herufi mbili za kwanza ni za jiji hilo. India ililalamika vikali, na kwa sehemu ninawaelewa. Hakuna mji unaopenda kuitwa ugonjwa. Ndiyo maana naandika makala hii kwa tahadhari: sitaki asomaye aanze kumtazama kwa jicho la pembeni jirani aliyerudi kutoka Chennai au dada aliyerudi kutoka Riyadh. Tuliona mwaka 2020 watu waliotoka nje wakiepukwa hadi na ndugu wa damu. Anayebeba bakteria sugu tumboni hahitaji kutengwa nyumbani, na wala asimeze dawa eti ajisafishe, maana ndiyo njia ya kuwakuza. Sabuni na maji baada ya choo na kabla ya kushika chakula vinatosha.

Tafiti hizo zote nilizotaja zina upungufu mmoja ambao sisi wa huku tunauona upesi. Wasafiri wake ni wa Ulaya. Wanatoka kwenye maji ya bomba yaliyo safi, wanakuja kwenye shida, wanarudi kwenye maji safi. Sisi tumeandikwa humo kama mahali pa kuambukizwa. Si uongo, na sitapoteza wino kuukana ukweli huo. Lakini sisi pia tunasafiri. Familia za Kisumu, Siaya, Kakamega na Eldoret hufanya harambee kila mwezi kumpeleka mtu India kwa figo, moyo au saratani. Vijana wetu wanakwenda Qatar na Saudi Arabia kulinda milango na kulea watoto wa watu. Wafanyabiashara wa nguo na vipuri wanakwenda Guangzhou. Malori yanapita Malaba na Busia usiku na mchana. Nani amewapima hao kabla na baada?

Waya ni mmoja wao. Alikwenda India kupasuliwa mgongo baada ya miaka miwili ya maumivu, ukoo ukachanga, kanisa likachanga, na upasuaji ukafaulu. Alishuka kwenye ndege akitembea. Alilazwa huko siku 16, akiwa na mpira wa mkojo kwa siku kadhaa, na dawa za mishipa asubuhi na jioni. Alirudi na faili nene la plastiki la rangi ya buluu lenye picha, risiti na barua ya kumruhusu kutoka. Faili hilo tuliliweka chini ya kitanda chake kama cheti cha ndoa.

Wiki ya nne homa ikaanza. Mgongo ukauma chini ya mbavu, mkojo ukawa na harufu na kuwasha. Tulimpeleka hospitali, ambayo sitaitaja. Walimpokea vizuri, wakamwandikisha: jina, umri, kijiji, nambari ya simu ya jamaa, dini. Wakampima malaria, hana. Wakaanza seftriaksoni usiku huo. Siku ya tatu homa ilikuwa palepale. Siku ya tano wakaongeza dawa nyingine. Siku ya saba Waya alikuwa anaongea maneno yasiyofuatana, na binti yake akaniuliza kama tuwapigie wazee. Ndipo tabibu mmoja kijana, aliyekuwa zamu ya usiku, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamshika mkono na kumuuliza: "Mama, mwaka huu umewahi kulazwa mahali pengine?"

Binti akajibu kwa niaba yake. India. Kijana yule akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama tuna karatasi zozote. Niliendesha gari saa nne usiku hadi nyumbani kufuata faili la buluu.

Mkojo ukachukuliwa upya, safari hii ukaoteshwa maabara. Kuotesha kunachukua siku mbili hadi tatu: unapaka mkojo kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, unasubiri waote, kisha unawapaka kwenye sahani mpya na kuweka juu yake duara ndogo za karatasi zilizolowekwa dawa mbalimbali, unatazama ni ipi inayoacha uwanja mtupu kuizunguka. Niliomba kuiona sahani, wakanionyesha. Duara ya seftriaksoni ilikuwa imezungukwa na bakteria hadi ukingoni, kama magugu yaliyoota hadi kwenye mguu wa nguzo. Duara mbili tu ndizo zilizokuwa na uwazi mpana. Jibu liliandikwa E. coli, yaani bakteria wa utumboni, ESBL. Wakabadilisha dawa, na Waya akapona, ingawa ukoo ulichanga tena.

Aliipata wapi? India, katika ndege, au aliondoka nayo Kisumu ndani ya tumbo lake mwenyewe? Haijulikani, na haiwezi kujulikana, kwa sababu hakupimwa kabla ya kuondoka. Siwalaumu Wahindi waliomrudishia uwezo wa kutembea. Ninacholalamikia ni siku saba. Kwa siku saba taarifa iliyotakiwa ilikuwa chini ya kitanda, kilomita chache kutoka wodini, na fomu ya kumlaza ilikuwa na nafasi ya dini lakini haikuwa na nafasi ya swali hilo.

Uholanzi, mgonjwa aliyelazwa nje ya nchi hivi karibuni hupimwa na kuwekwa chumba cha peke yake hadi majibu yatoke. Uingereza nao huuliza kama mgonjwa amelazwa nje ndani ya miezi 12. Najua hatuna vyumba vya peke yake. Wodi zetu zina vitanda vinavyolala wawili. Lakini swali halihitaji chumba. Linahitaji mistari miwili kwenye fomu: Umesafiri nje ya nchi mwaka huu? Umelazwa hospitali yoyote, ya hapa au ya nje? Jibu likiwa ndiyo, otesha kabla ya sindano ya kwanza badala ya kuotesha siku ya saba. Tena swali la pili linaokoa hata asiyewahi kupanda ndege, kwa kuwa wodi zetu wenyewe ni mahali pa kuokota bakteria hawa kama zilivyo za India.

Nimesikia pingamizi, na ni zito. Daktari rafiki yangu aliniambia: "Unasumbuka na wasafiri, ilhali mtu wa mtaa wa Nyalenda anakunywa bakteria hao kila siku bila pasipoti." Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Yana kweli, na kweli hiyo inaelekeza mahali ambapo tofauti yetu na Amsterdam iko hasa.

Rudi kwa Waholanzi wale. Nusu ya waliorudi na bakteria walikuwa wamewapoteza ndani ya mwezi mmoja hivi. Baada ya miezi 12 ni asilimia 11 tu waliokuwa bado nao. Utumbo wao, ukiachwa bila dawa na ukinywa maji safi, uliwatoa wageni wenyewe. Kisha linganisha na uchunguzi uliofanyika Vientiane, Laos: Wazungu 20 walikubali kutoa choo kila siku kwa siku 22. Wote, bila kubaki hata mmoja, walipata bakteria sugu wakati fulani, na wengi walikuwa wakiwapoteza na kuwapata wengine, wakiwapoteza na kuwapata, karibu kila siku. Utumbo ulikuwa unatoa wageni mlango huu na maji na chakula vinaingiza wengine mlango ule.

Hapo ndipo tulipo sisi. Waya aliporudi hakurudi Amsterdam. Alirudi mtaa ambao wakati wa masika vyoo vya shimo hujaa na kumwagika kwenye njia, na visima vifupi vya Manyatta vimechimbwa hatua chache kutoka vyoo hivyo, vya kwao na vya jirani. Mji una mitambo ya kusafisha majitaka ya Kisat na mabwawa ya Nyalenda, lakini nyumba nyingi za mitaa ya mabanda hazijaunganishwa na bomba lolote linalofika huko. Kinachotoka katika matumbo yetu kinaishia Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, na ndoo za wauza maji zinarudi tena mezani. Mholanzi hubeba mgeni kwa mwezi. Huku mgeni huyo huyo anaweza kupata ukoo, shamba na wajukuu.

Kwa hiyo daktari rafiki yangu ana haki kuhusu maji, lakini hana haki akidhani safari basi si kitu. Maji machafu ni kuni; safari huleta kijinga kipya. ESBL tayari tunayo ndani, hilo halirudi nyuma kwa urahisi. Ila NDM na wenzake wanaovunja meropenemu, hao bado tunaweza kuwachelewesha wasienee, na kila mwaka tunaowachelewesha ni mwaka ambao mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati anabaki na dawa moja ya mwisho ya kujaribu.

Tuna mfano wetu wenyewe wa kuonyesha jinsi jambo hili linavyokwenda. Homa ya matumbo, ambayo sote tunaiita taifodi, ina ukoo mmoja wa bakteria unaojulikana kwa wataalamu kama H58, sugu kwa dawa nyingi za zamani. Wataalamu walipopanga vinasaba vyake, waliona ulianzia Asia Kusini ukavuka bahari hadi Afrika Mashariki, si mara moja bali mara kadhaa, na sasa ndio unaotawala Kenya. Uliletwa na watu, katika matumbo yao. Mwaka 2016, huko Sindh nchini Pakistan, tawi la ukoo huo likachukua plasimidi yenye jeni ya kuvunja seftriaksoni. Likawa sugu kwa aina tano za dawa, likabaki na kidonge kimoja tu cha kutegemewa, azithromaisini, pamoja na dawa ghali za mishipa. Wasafiri wamekwisha kulipeleka Uingereza na Marekani, ambako halikuenea sana kwa kukosa maji machafu ya kuogelea. Likishuka Kisumu, maji ya kuogelea litayakuta tele.

Na sisi taifodi tunaichezea. Mkenya gani hajawahi kuambiwa "una malaria na taifodi" kwa tone moja la damu? Kipimo cha Widal kinachotumika katika kliniki nyingi hutafuta askari wa kinga waliobaki mwilini, na askari hao wanaweza kuwa wa ugonjwa wa miaka iliyopita au wa bakteria mwingine kabisa. Mtu mwenye mafua ya kawaida anatoka na sipro ya siku saba. Mimi nimemezeshwa taifodi hiyo mara nne kabla ya kutimiza miaka 30, na sina hakika hata moja ilikuwa ya kweli. Kila mara soko la tumbo langu lilifagiliwa. Ndiyo maana nilifurahi serikali ilipoanza kutoa chanjo ya taifodi kwa watoto Julai 2025, pamoja na ya surua na rubela. Mtoto aliyekingwa ni dozi kadhaa za antibiotiki ambazo hazitamezwa. Chanjo hiyo ilistahili shangwe kuliko uvumi ilioupata.

Nirudi kwenye bahasha ya Kondele. Sheria inasema antibiotiki hutolewa kwa karatasi ya daktari. Sheria hiyo ipo na haifuatwi, na wapo wanaotaka polisi wapite wafunge maduka. Siungi mkono hilo. Mtu wa Obunga anayefunga kibanda chake saa mbili usiku hana zahanati iliyo wazi, ana kemisti. Ukimfungia bila kumpa pengine pa kwenda, atanunua vidonge hivyo hivyo sokoni kwenye kikapu, vimekaa juani. Ninachotaka ni kibadilike kinachotiwa ndani ya bahasha ya msafiri.

Tumbo la kuendesha safarini, kwa mtu mzima asiye na homa wala damu kwenye choo, mara nyingi hutulia lenyewe ndani ya siku chache. Kinachoua ni kupungukiwa maji. Bahasha basi iwe na pakiti tatu nne za chumvi ya kurudisha maji mwilini, zile za ORS, ambazo ni za bei nafuu kuliko sipro. Zikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko sita vidogo vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Choo kikiwa na damu, homa ikipanda, mtu akilegea, au mgonjwa akiwa mtoto mdogo au mzee, hapo si suala la bahasha tena, ni la kumwona daktari, na akiandika antibiotiki imezwe jinsi alivyoandika. Nilimweleza hivyo mwenye kemisti wa Kondele nilipopita tena. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Akasema shida ni kwamba mteja akipewa unga wa chumvi anaona amedharauliwa. Anataka kidonge, kwa sababu kidonge ndicho dawa. Nikamuuliza kama amewahi kujaribu kumweleza. "Foleni ikiwa ndefu?" akaniuliza, akanyoosha kidole nyuma yangu. Walikuwa watu saba.

Hilo lilinifunza kuliko takwimu nyingi. Ulimwenguni mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu dawa zilishindwa na bakteria moja kwa moja. Septemba 2024 viongozi wa dunia walikutana New York, wakaahidi kupunguza vifo vinavyohusiana na bakteria sugu kwa asilimia 10 kufikia 2030. Kenya ina mpango wake wa kitaifa, wa pili sasa, wa mwaka 2023 hadi 2027. Nimeusoma na una mambo mazuri. Lakini ahadi ya New York, ikitaka kufika Kondele, lazima ipite kwenye ile foleni ya watu saba na kijana mmoja nyuma ya kaunta ambaye hulipwa kwa anachouza, si kwa anachoshauri. Kaunti ingeweza kumlipia kijana huyo chochote, hata kidogo, kwa kila pakiti ya ORS anayotoa mahali pa sipro. Ingeweza kuzipa hospitali za kaunti ndogo usafiri wa kupeleka mkojo na damu kwenye maabara inayootesha, kwa kuwa nyingi hazina yake. Tuna kituo cha utafiti pale Kisian, kwenye barabara ya Busia, chenye wanasayansi wanaojua mambo haya kuliko mimi mara elfu. Kinachokosekana si ujuzi.

Mwezi ujao Waya anarudi India kuangaliwa vyuma vya mgongo. Jumamosi tulipanga begi lake. Binti alikuwa amenunua bahasha ya kawaida, sipro na Flagyl, kwa upendo, akaiweka juu ya nguo. Waya mwenyewe ndiye aliyeitoa. Akaweka pakiti sita za ORS, sabuni ya kipande ndani ya kopo, na chupa ya chuma ya maji ya kuchemsha. Kisha akachukua lile faili la buluu, akatoa jibu la maabara la mwaka jana, lile la E. coli, akalihamisha kutoka nyuma kuliweka ukurasa wa kwanza.

Kabla ya safari alihitaji kupimwa damu, tukaenda naye hospitali Jumatatu. Muuguzi alitupa fomu ile ile: jina, umri, kijiji, simu ya jamaa, dini. Waya aliomba kalamu. Pembeni, mahali pasipo na mstari wowote, akaandika kwa herufi kubwa alikolazwa, tarehe, na siku 16. Muuguzi aliitazama, akatuuliza kama hiyo ni sehemu ya fomu. Nikamwambia bado.